Kioo cha Urania: Kadi za Nyota za Mwaka 1824 na Somo la Kuipa Mbingu Majina

Utangulizi

Elimu ya nyota haina nafasi kubwa katika mijadala ya wanafunzi wa Kiswahili. Tunapozungumzia istilahi, aghalabu tunazungumzia isimu, sheria, tiba na tarakilishi. Mbingu tumewaachia wanasayansi, nao huieleza kwa Kiingereza. Hata hivyo, kuitaja nyota ni kazi ya lugha kabla haijawa kazi ya darubini. Nyota hazijijui kwa majina wala kwa maumbo. Ni binadamu anayezikusanya pamoja, akaziunganisha kwa mistari ya kuwazia tu, kisha akaziita simba, nge au mwindaji.

Makala haya yananuia kueleza chombo kimoja cha kale kilichoundwa ili kumfunza mtu wa kawaida makundi hayo ya nyota. Chombo chenyewe ni seti ya kadi 32 iliyochapishwa London mwaka 1824 kwa jina la Urania's Mirror, yaani Kioo cha Urania. Hoja yetu ni kwamba kadi hizo, kwa jinsi zilivyoundwa, zinatenganisha mambo matatu ambayo mazoea huyachanganya: nukta, picha na jina. Nukta zipo angani; picha na jina ni vya watu. Anayeutambua utengano huo ataona kwamba jina la nyota huishi kwa kutumiwa, wala si kwa kubuniwa tu. Ataona pia kwamba Kiswahili kina majina yaliyotumiwa kwa namna hiyo, na kwamba majina hayo yanahitaji mkusanyaji kabla hayajahitaji mfasiri.

Ni vyema kufafanua maneno mawili kabla ya kuendelea. Falaki katika makala haya ni elimu ya nyota na sayari, si upigaji wa ramli. Kundinyota ni kundi la nyota linaloonekana kuwa na umbo fulani kwa mtazamaji aliye duniani. Kuonekana huko ni muhimu, kwa sababu nyota za kundi moja zinaweza kuwa mbalimbali mno angani, zikawa majirani machoni petu tu.

Kioo cha Urania ni nini?

Katika visasili vya Wayunani, Urania ni mmoja wa miungu tisa wa kike wanaosimamia sanaa na elimu, naye fungu lake ni elimu ya nyota. Kadi zilizobeba jina lake zilitolewa na mchapishaji Samuel Leigh wa London. Michoro ilichongwa katika mabamba na Sidney Hall, aliyejulikana zaidi kwa uchongaji wa ramani. Kadi zilitiwa katika kisanduku, na pamoja nazo kiliuzwa kitabu cha maelezo ya falaki kilichoandikwa na Jehoshaphat Aspin. Mnunuzi aliweza kuchagua kadi zisizotiwa rangi kwa pauni 1 na shilingi 8, au zilizotiwa rangi kwa mkono kwa pauni 1 na shilingi 14. Bei hizo hazikuwa za maskini. Zililenga nyumba zenye nafasi, ambamo elimu ya nyota ilikuwa burudani ya jioni na sehemu ya malezi ya vijana.

Kadi 32 zinaonyesha makundinyota 79. Baadhi ya kadi zina kundinyota moja tu, kwa mfano kadi ya 17 yenye Ng'ombe Dume, ya 21 yenye Mwanamwali na ya 29 yenye Orion, yule mwindaji mkubwa wa Wayunani. Nyingine zimesongamana. Kadi ya 32 ina bundi, kunguru, bakuli, nyoka wa majini, paka, mbwamwitu, nusu mtu nusu farasi, na merikebu ya Argo, pamoja na vyombo kadhaa vya sayansi. Katika toleo la kwanza, kila umbo lilichorwa peke yake bila ya nyota za jirani. Katika toleo la pili nyota za pembeni ziliongezwa, ili mtazamaji ajue umbo hilo limepakana na nini.

Michoro yenyewe haikuwa mipya. Ilitokana na atlasi ya mbingu ya Alexander Jamieson iliyochapishwa London mwaka 1822, yaani miaka miwili tu kabla ya kadi. Hata yule bundi aliyekalia mkia wa nyoka wa majini alitoka kwa Jamieson, ambaye ndiye aliyemweka angani. Kwa hiyo upya wa Kioo cha Urania haukuwa katika uchoraji. Ulikuwa katika vitundu.

Namna kadi zilivyofunza

Katika kila kadi, mahali pa nyota kuu palitobolewa. Vitundu havikulingana: nyota yenye mwangaza mkubwa ilipewa kitundu kikubwa, na iliyofifia ikapewa kitundu kidogo. Mwanafunzi alipoiweka kadi mezani, alichoona ni picha: mnyama, shujaa au chombo, na majina yake yameandikwa. Alipoiinua mbele ya dirisha au mshumaa, mwanga ulipenya vitunduni. Picha iliingia gizani, na nukta za mwanga zikabaki, zimepangika takribani kama zilivyopangika angani.

Mbinu hiyo ni rahisi, lakini mantiki yake inastahili kuchunguzwa. Ramani ya kawaida ya nyota huonyesha nukta na picha kwa wakati mmoja. Mwanafunzi huishika picha, kisha akitoka nje usiku haioni. Angani hakuna ngozi ya simba wala rungu. Kuna nukta tu. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kadi yenye vitundu ilimpa hatua ya kati. Ilimwonyesha picha, ikaiondoa, ikamwachia nukta ili kumbukumbu yake ndiyo ijaze umbo. Kwa istilahi za ualimu wa leo tungesema kwamba kadi ilimwondolea mwanafunzi msaada kwa awamu. Picha ilikuwa mkongojo wa kumbukumbu, na mkongojo hutupwa mtu akijua kutembea.

Tuchukue kadi ya 29. Juu yake Orion amesimama, ameinua rungu kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili ameshika ngozi ya simba. Ikielekezwa kwenye mwanga, zinabaki nukta tatu zilizo katika mstari kiunoni, mbili zing'aazo mabegani na mbili miguuni. Mtu aliyeziona nukta hizo mara mbili au tatu hatazipoteza tena maishani.

Hata hivyo, kadi hiyo ilichorwa kwa jicho la mtazamaji wa Uingereza. Huko Orion huonekana upande wa kusini, naye amesimama wima. Kwetu Kenya hali ni tofauti. Mshipi wa Orion umekaribia sana ikweta ya mbingu, kwa hiyo huchomoza mashariki halisi, hupita karibu na utosi na kutua magharibi halisi. Anapochomoza, Orion wetu hasimami. Amelala ubavu, kichwa kaskazini na miguu kusini. Nukta ni zilezile, lakini picha imelala. Mwalimu wa Kenya anayetumia mchoro wa Ulaya bila kueleza jambo hili atawafanya wanafunzi wake watafute mtu aliyesimama ambaye hayupo.

Matangazo ya kadi yana funzo linalofanana na hili. Hapo mwanzo yalidai kwamba seti ina makundinyota yote yanayoonekana katika Dola ya Uingereza. Wakati huo dola hiyo ilikuwa imekwisha kufika Rasi ya Tumaini Jema na Australia, ambako huonekana nyota nyingi za kusini ambazo hazimo kadini. Matangazo ya toleo la pili yaliteremsha dai hilo yakataja Uingereza tu. Kwa ufupi, kioo kilionyesha mbingu ya mahali pamoja, ingawa kilianza kwa kujiita kioo cha dunia.

Bibi ambaye hakuwa bibi

Wanafunzi wa fasihi watavutiwa na suala la mtunzi. Kadi zilitangazwa kuwa zimebuniwa na bibi mmoja, bila ya kumtaja jina. Kwa muda mrefu watu walikisia bibi huyo ni nani. Wengine walimtaja Caroline Herschel, mwanafalaki aliyegundua nyotamkia kadhaa. Wengine wakamtaja Mary Somerville, mwandishi maarufu wa sayansi. Makisio hayo yalitegemea hoja moja tu: kwamba walikuwa wanawake wajuzi wa falaki walioishi wakati huo.

Jibu lilipatikana mwaka 1994. Peter Hingley, aliyekuwa mkutubi wa Chama cha Kifalme cha Falaki cha Uingereza, alikuta katika kumbukumbu za chama hicho hati ya kumpendekeza mwanachama. Hati ilimtambulisha Kasisi Richard Rouse Bloxam, mwalimu msaidizi katika shule ya Rugby, kuwa ndiye mtunzi wa Kioo cha Urania. Bibi alikuwa kasisi.

Kisa hiki kina faida mbili kwetu. Kwanza, kinatukumbusha kwamba sauti inayosema katika kazi si lazima iwe sauti ya aliyeitunga. Jina la bibi lilifanya kazi yake sokoni: liliashiria kwamba elimu hii ni nyepesi, ni ya nyumbani, na haitamtisha msomaji asiye mtaalamu. Tofauti na Mwana Kupona, ambaye utendi wake wa 1858 unafungamana na maisha yake na binti yake, bibi wa Kioo cha Urania hakuwa na maisha nje ya tangazo. Pili, kisa hiki kinaonyesha namna umilikaji wa utunzi unavyothibitishwa. Kilichomtambulisha Bloxam hakikuwa mtindo wala makisio, bali waraka wa nje ya kazi yenyewe, ulioandikwa kwa shughuli nyingine. Sisi tunaoshughulikia tungo za kale, ambazo nyingi zilipita kwa mdomo kabla ya kuandikwa, tunajua jinsi waraka wa aina hiyo ulivyo adimu na jinsi unavyoweza kufuta nadharia nzima kwa sentensi moja.

Majina yaliyokufa

Mtu wa leo akizipitia kadi 32 atakutana na makundinyota ambayo hayamo tena katika orodha rasmi. Katika kadi ya 5 kuna Utukufu wa Frederick, uliobuniwa na Johann Bode mwaka 1787 kumkumbuka Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia. Katika kadi ya 12 kuna Ng'ombe wa Poniatowski, aliyewekwa angani mwaka 1777 kwa heshima ya mfalme wa Poland. Katika kadi ya 28 kuna kinubi cha Mfalme George wa Tatu wa Uingereza, kilichobuniwa mwaka 1789. Kadi ya 26 ina puto la hewa, na kadi ya 31 ina karakana ya kupiga chapa. Yule paka wa kadi ya 32 aliwekwa angani mwaka 1799 na Mfaransa Lalande, mwanafalaki aliyependa paka.

Majina haya yote yalibuniwa na wataalamu wakubwa, yakachorwa vizuri na kuchapishwa. Hata hivyo yalikufa. Mwaka 1922 Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ulikubali orodha ya makundinyota 88, na mwaka 1930 ukachapishwa mchoro wa mipaka yao uliotayarishwa na Eugène Delporte wa Ubelgiji. Wafalme, puto na paka hawakuingia.

Ni kwa nini? Sababu ya kwanza ni kwamba majina hayo yalipewa nyota hafifu zilizosalia baina ya makundi ya zamani, na nyota hafifu hazikumwongoza mtu yeyote. Sababu ya pili ni kwamba yalijengwa juu ya fadhila ya mtawala. Mwaka 1795 ufalme wa Poland uligawanywa ukatoweka katika ramani, na ng'ombe wa mfalme wake akabaki hana wa kumtetea. Kinyume chake, ngao aliyoiweka angani Hevelius mwaka 1684 kumkumbuka Mfalme Sobieski iliokoka kwa kulitupa jina la mfalme. Leo inaitwa Ngao tu. Nacho kipimapembe cha ukutani cha kadi ya 10 kimefutwa katika orodha, lakini jina lake limedumu katika manyunyu ya vimondo ya kila mwezi wa Januari. Limedumu kwa sababu wanaovitazama vimondo hivyo bado wanalihitaji.

Wanaobuni istilahi wana la kujifunza hapa. Cheo cha mbunaji, uzuri wa neno na chapa nzuri havitoshi. Neno lisilokuwa na kazi mdomoni mwa mtu halidumu, hata kama limeandikwa mbinguni.

Majina yaliyosalia

Katika makundinyota hayohayo, nyota moja moja zina majina ambayo yamedumu karne nyingi, na mengi ni ya Kiarabu. Njia yaliyoipita inajulikana. Ptolemy wa Alexandria aliandika mnamo mwaka 150 kitabu chenye makundinyota 48. Kazi yake ilitafsiriwa kwa Kiarabu, na mnamo mwaka 964 Abd al-Rahman al-Sufi aliandika Kitabu cha Nyota Zisizohama, akiyalinganisha maelezo ya Ptolemy na majina ya Waarabu. Alichora kila kundinyota mara mbili, moja kama linavyoonekana angani na moja kama linavyoonekana kwenye tufe la mbingu. Baadaye majina hayo yaliingia Ulaya kwa njia ya Kilatini.

Kwa kuwa Kiswahili nacho kilikopa kutoka Kiarabu, Mswahili anayezitazama nyota za kadi hizi hukutana na jamaa asiowatarajia. Katika Dubu Mkubwa wa kadi ya 9 kuna nyota iitwayo Dubhe. Ni neno lilelile tunalolitumia kwa mnyama dubu. Katika Simba wa kadi ya 20 kuna Ras Elased, kichwa cha simba. Rasi tunayo, ingawa kwetu ni ncha ya nchi iliyoingia baharini. Na Asadi tunayo katika majina ya buruji. Katika Mizani ya kadi ya 22 kuna Zubeneschamali na Zubenelgenubi. Ndani yake mna shemali na janubi, yaani kaskazini na kusini. Sehemu ya kwanza ya majina hayo inahusu magando ya nge. Zamani nyota za Mizani zilihesabiwa kuwa magando ya Nge aliye jirani. Picha ilibadilika, jina likabaki na kumbukumbu ya picha ya kwanza.

Mfano wenye mafunzo zaidi uko katika begani mwa Orion. Nyota nyekundu ya hapo inaitwa Betelgeuse. Chanzo chake ni yad al-jawza, mkono wa Jauza. Herufi ya kwanza ilikuwa ya, yenye nukta mbili chini; mnakili aliisoma kuwa ba, yenye nukta moja. Nukta moja iliyopotea ikazaa jina ambalo dunia nzima inalitamka leo. Yeyote aliyewahi kuhariri tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu anaijua hatari hii. Katika hati hizo nukta ndiyo inayotenga herufi na herufi, na mnakili aliyechoka anaweza kumpa msomaji wa karne nyingine neno ambalo mtunzi hakulisema.

Mbingu ya ikweta na maneno yetu

Kutokana na hayo, tunaweza sasa kuuliza swali linalotuhusu moja kwa moja: Kiswahili kiyataje vipi makundinyota? Njia tatu zinajitokeza.

Njia ya kwanza ni kutafsiri picha. Leo ndiyo njia rahisi kuliko zote: Simba, Nge, Samaki, Mapacha. Faida yake ni uwazi. Kasoro yake ni kwamba inachukua picha za watu wengine pamoja na jicho lao, na kama tulivyoona, picha hiyo ikifika ikweta hulala ubavu.

Njia ya pili ni kutumia majina tuliyorithi kupitia Kiarabu: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akarabu, Kausi, Jadi, Dalu na Hutu. Majina haya yana historia ndefu katika pwani yetu, na yanazo buruji zote kumi na mbili. Hata hivyo, yanaishia hapo, nayo siku hizi hutajwa zaidi katika kurasa za utabiri kuliko katika elimu ya nyota.

Njia ya tatu ni kuanza na majina yaliyotokana na kazi za wasemaji wenyewe. Mfano ulio bora ni Kilimia. Kundi hilo dogo la nyota limo katika Ng'ombe Dume wa kadi ya 17, begani mwake. Kwa Mzungu ni kipande cha mwili wa mnyama. Kwa Mswahili limejitegemea, na jina lake limetokana na kitenzi kulima. Wahenga walikuwa na msemo unaolinganisha kuzama kwake na kuzuka kwake na mapokezano ya jua na mvua. Wazulu na Waxhosa wa Afrika Kusini huliita isiLimela, kutoka mzizi uleule. Jina hilo halikubuniwa na mwanachuo wala kupewa mfalme. Lilishikwa na watu waliohitaji kujua lini washike jembe, na ndiyo maana limeenea katika lugha za Kibantu zilizo mbali kiasi hicho.

Mabaharia nao wana mfano wao. Manahodha wa Bahari ya Hindi waliiita Nyota ya Kaskazini kwa jina la jah, na katika Kiswahili cha pwani likawa jaa, likimaanisha nyota hiyo na upande wa kaskazini wenyewe. Nyota hiyo imo katika Dubu Mdogo wa kadi ya 1. Kwa mtoto wa London ilikuwa juu usiku kucha. Mkazi wa Nairobi, iliyo kusini kidogo mwa ikweta, hana njia ya kuiona. Nahodha aliyetoka Lamu kuelekea Uarabuni aliiona ikipanda kidogo kidogo kadiri alivyosonga mbele, na kupanda huko ndiko kulikomwambia amefika wapi. Kwake jaa lilikuwa kipimo, si pambo.

Haifai kuzigombanisha njia hizi tatu. Orodha ya 88 inahitaji majina, na tafsiri haitaepukika katika sehemu kubwa yake. Lakini utaratibu una maana. Tukianza na tafsiri, tutapata orodha kamili ambayo haitamkwi na mtu, mfano wa kinubi cha Mfalme George. Tukianza na matumizi, tutapata orodha fupi yenye uhai, kisha tafsiri itajaza mapengo.

Ugumu uko katika kukusanya. Mtafiti akimwendea mkulima au nahodha mzee na mchoro wa ng'ombe dume mkononi, atakuwa amekwisha kumtilia jibu mdomoni. Mzee atasema ni ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe ndiye aliyechorwa. Hapa ndipo Kioo cha Urania kinapoweza kutufaa kwa namna ambayo Bloxam hakuikusudia. Tutengeneze kadi zenye vitundu lakini zisizo na picha. Manila nyeusi, sindano za unene mbalimbali na tochi zinatosha. Mzee aonyeshwe nukta tu, au bora zaidi apelekwe uani usiku usio na mwezi, aulizwe: hizi mnaziitaje, na mlizitumia kwa kazi gani? Anayeandika aweke jina, tarehe, saa, upande wa mbingu na maelezo ya kazi. Bila ya tarehe na saa, jina hubaki likielea. Atakayelisoma baadaye hatajua ni la nyota ipi. Bila ya kazi, jina hubaki neno tu, na wala hatutajua lilidumu kwa sababu gani.

Shughuli hiyo haitaki darubini wala fedha nyingi. Inataka wakati, na wakati ndio unaotuponyoka. Jahazi nyingi zimetiwa mashine, simu ya mkononi inamwonyesha nahodha mahali alipo, na mkulima husikiliza utabiri wa hali ya hewa redioni. Hakuna ubaya katika hayo. Lakini jina lililodumu kwa kutumiwa, matumizi yakikoma, hudumu kwa umri wa mtu mmoja tu: yule wa mwisho kulitumia.

Hitimisho

Makala haya yameeleza seti ya kadi za nyota iliyochapishwa London mwaka 1824, namna ilivyofunza kwa vitundu na mwanga, mtunzi wake aliyejificha nyuma ya jina la bibi, na majina yaliyokufa na yaliyosalia ndani yake. Tumeonyesha kwamba ubora wake ulikuwa katika kumtenganishia mwanafunzi nukta, picha na jina, na kwamba utengano huo unafaa pia katika kazi ya istilahi.

Chama chetu kina wanachama waliotoka Lamu, Kwale, Kitui, Busia na kwingineko, na kila likizo wanarudi makwao. Inapendekezwa kwamba kila mmoja wao arudi chuoni na jina moja la nyota, lenye tarehe, saa, upande na kazi yake, na kwamba majina hayo yachapishwe katika jarida hili toleo kwa toleo. Kilimia huonekana vyema mashariki jioni za Novemba na Desemba, wakati wengi wetu tunapokuwa nyumbani. Mtu anaweza kuanzia hapo.